LED kwenye lori la 24V: taa ziko dimu (mwanga wa chini), lakini wanaokuja bado wanatupigia ful (mwanga wa juu)

#1 MamaTrela
Wadau, hamjambo. Tuna malori ya Isuzu ya 24V, taa za H4 (balbu moja yenye dimu na ful), yanayotoka Athi River na saruji kwenda Naivasha na Nakuru usiku. Halojeni za 75/70W zilitolewa, zikawekwa LED za 6500K (rangi nyeupe yenye bluu) zilizoandikwa lumeni 30,000 (kipimo cha wingi wa mwanga). Malalamiko ya madereva ni haya: mabango yanang'aa kupita kiasi, lami ya mbele haionekani mbali kama walivyotarajia, na kila gari linalokuja linawapigia ful. Wakiangalia dashibodi, ile taa ya bluu ya ful imezimika.

Je, ni balbu mbovu, ni kuseti (kuelekeza mwanga), au LED haifai kabisa kwenye taa ya halojeni? Ule mteremko wa Mai Mahiu una kona, na dereva wa gari dogo akipofushwa pale hana mahali pa kukimbilia. Sitaki malori yetu yawe ndiyo sababu.

#2 FundiWaya_Kariobangi
Karibu MamaTrela. Anza na balbu kabla hujagusa skrubu za kuseti.

H4 ya halojeni ina nyuzi mbili. Uzi wa dimu umekaa mbele, na chini yake kuna kikombe kidogo cha chuma. Kazi ya kikombe ni kuuzuia mwanga usifike nusu ya chini ya rifleta (bakuli linalong'aa nyuma ya balbu na kurusha mwanga mbele), maana nusu hiyo ingeurusha juu, machoni pa watu. Uzi wa ful uko nyuma yake na hauna kikombe. Rifleta nzima ilichorwa kwa kufuata uzi mwembamba uliokaa mahali pamoja tu. Ukiusogeza milimita moja, mwanga unatawanyika.

Sasa toa LED moja uilaze kando ya halojeni ya zamani, vishikio vya chuma vikiwa sambamba. Chipu (vidoa vinavyotoa mwanga) za dimu ziwe umbali uleule na ule uzi wa mbele. Kikombe kiwepo na kikae chini. Chipu zitazame kushoto na kulia, zisitazame juu na chini. Halafu pima unene wa ubao unaobeba chipu. Ukikaribia milimita moja ni balbu nzuri. Ukifika mbili na nusu au tatu, kwa rifleta hizo ni taa mbili zilizoachana na hakuna iliyo katikati. Hapo hata ukiseti mpaka asubuhi hutapata mstari ulionyooka ukutani, ule unaotenganisha mwanga na giza.

Mabango kung'aa sana huku lami ikiwa hafifu ni dalili kwamba mwanga unapanda juu badala ya kwenda mbele.

#3 KantaBoy
Mbona mnazunguka? Lumeni 30,000 ndiyo shida. Mwanga ni mwingi mno. Nunua za nguvu ndogo, habari imeisha.

#4 KipimoKwanza
#3, hizo 30,000 ziko kwenye karatasi ya boksi tu. LED nzuri hutoa kama lumeni 100 kwa kila wati, kwa hiyo 30,000 ingetaka wati 300 kwa balbu moja, na soketi ingeyeyuka. Chukua mita, iweke kwenye ampea, iunge katikati ya waya wa balbu moja ili umeme upite ndani ya mita, injini ikiwa inanguruma. Ukisoma ampea 1 kwa volti 28 (24V ikiwa inachajiwa), una wati 28. Hiyo ni kama lumeni 2,800, tena kabla joto halijaipunguza.

Lakini hujakosea kabisa. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 37, ile ya balbu za nyuzi, inaipa H4 ya 24V lumeni 1,900 kwa ful na 1,200 kwa dimu. Kwa hiyo hata LED ya ukweli inaweza kuzidi dimu ya halojeni mara mbili, na kosa dogo la kuseti ambalo halojeni ingelificha, LED inalianika.

#5 DerevaWaMteremko
Nyinyi wa karakana mnasahau mzigo. Taa ikiwa sentimita 105 kutoka chini na imeshushwa asilimia 1.5 (sentimita 1.5 kwa kila mita ya mbele), mwanga unagusa lami kwenye mita 70. Sasa pakia saruji. Springi za nyuma zikishuka sentimita 7 na ekseli ziko mita 4.5 mbalimbali, pua imepanda asilimia 1.5 na zaidi kidogo. Ule mteremko wote wa mwanga umeliwa. Kwenye mita 50 mwanga bado uko sentimita 105, na dereva wa gari dogo macho yake yako hapohapo tu juu yake. Balbu inaweza kuwa salama kabisa na bado ukawachoma watu.

MamaTrela, uliza taa zilisetiwa lori likiwa tupu au na mzigo. Na ile swichi ndogo ya kushusha taa kwenye kabini, yenye 0 mpaka 3, kama ipo, inafanya kazi? Malori mengi mota zake zilishakufa na hakuna aliyeuliza.

#6 MamaTrela
Asanteni. Zilisetiwa tupu, kwa macho, kwenye geti la yadi. Swichi iko kwenye lori moja tu. Naombeni utaratibu wa kuseti niupeleke kwa fundi ukiwa umeandikwa, nisiambiwe tena "iko sawa".

#7 FundiWaya_Kariobangi
Tafuta sakafu tambarare na ukuta. Yadi nyingi za Industrial Area zina mwinuko wa kupitisha maji ya mvua, kwa hiyo hakikisha kwa bomba la maji la mafundi wa ujenzi. Jaza upepo wa magurudumu mpaka kipimo chake, dereva akae kwenye kiti, swichi ya kushusha iwe 0. Sogeza lori lifike karibu na ukuta, weka alama ya chaki mbele ya kitovu cha kila taa, upande wa juu na wa kando. Kisha rudi nyuma mita 10 kamili, ukipima kutoka kioo cha taa hadi ukutani.

Kwa mita 10, asilimia 1 ni sentimita 10. Taa iliyo juu ya mita moja kutoka chini husetiwa kati ya asilimia 1.5 na 2, yaani sentimita 15 hadi 20 chini ya alama ya kitovu. Iliyo chini ya sentimita 80 ni asilimia 1 hadi 1.5. Usichukue kipimo cha gari dogo ukakipeleka kwa lori.

Washa dimu, funika taa moja kwa kadibodi bila kugusa kioo, seti nyingine. Ukutani uone mstari ulionyooka upande wa kulia, halafu, kuanzia karibu na kitovu, mstari uinuke kuelekea kushoto, penye ukingo wetu wa barabara. Kama huoni mstari, unaona wingu tu, acha kuseti na urudi #2.

#8 Ekseli_Tano
Kuhusu #5, hesabu ni sahihi kwa lori la bodi moja, si kwa kila kitu chenye magurudumu mengi. Kichwa cha trela kikifungwa vizuri, pini ya trela inakaa mbele kidogo ya katikati ya ekseli za nyuma, kwa hiyo sehemu ya mzigo inalala kwenye ekseli ya mbele pia. Pua haipandi sana, mara nyingine inashuka. Na chenye mifuko ya upepo nyuma hujisawazisha chenyewe. Kwa hiyo mtu wa trela asishushe taa ovyo kwa kusoma hapa.

#9 DerevaWaMteremko
Sawa #8, lakini yeye amesema Isuzu, na springi ni za majani (mabapa ya chuma), si mifuko ya upepo. Mimi nasema aseti lori likiwa na mzigo wake wa kawaida, basi.

#10 FundiWaya_Kariobangi
Akiseti na mzigo, siku ya kurudi tupu mwanga utaanguka karibu. Kwa hesabu yako mwenyewe utakuwa umeshuka asilimia 3, na taa ya sentimita 105 itagusa lami kwenye mita 35. Hiyo ni hatari ya aina nyingine, dereva anakimbia kuliko macho yake. Utaratibu ni kuseti tupu na kufufua mota za kushusha. Kama hazipo, aseti asilimia 2 tupu, kisha apime tena ukutani na mzigo. Mstari ukipanda juu ya alama ya kitovu, springi zimechoka na zinahitaji kazi.

#11 DerevaWaMteremko
Tupu huendi haraka usiku ule wala hupofushi mtu. Nabaki palepale: na mzigo.

#12 Spea_Grogan
Wote mmeruka kitu ninachokiona kila wiki hapa Kirinyaga Road. Taa nzima zinaletwa kutoka nchi wanazoendesha upande wa kulia. Ule mstari unaopanda, kwenye taa hizo unapanda kulia, na kwetu kulia ndiko wanakotoka wenzako. Hapo hata halojeni mpya, iliyosetiwa kwa mita, inachoma macho.

Simama mbele ya lori, soma maandishi kwenye kioo cha taa karibu na duara lenye herufi E na namba. Taa ya kuendesha kushoto ina mshale mmoja unaoelekea mkono wako wa kulia wewe uliyesimama mbele. Mshale wenye ncha mbili unamaanisha taa inaweza kugeuzwa, kwa hiyo angalia nyuma iko upande gani. Kama kuna E na hakuna mshale wowote, ni taa ya kule wanakoendesha kulia. Taa za Japani za zamani nyingi hazina hata hiyo E, lakini Japani wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo hizo ziangalie ukutani tu.

#13 KantaBoy
Hii ya mshale sikuijua. Asante Spea. Kumbe una faida zaidi ya kutuuzia bei juu.

#14 Spea_Grogan
Njoo na balbu yako ya zamani mkononi, bei itashuka.

#15 Volti28
MamaTrela, umesema taa ya bluu ya ful imezimika, na wote wameichukua kama ushahidi kwamba lori liko dimu. Kwa malori mengi ya Kijapani si ushahidi.

Waya zao hukata upande wa hasi. Mguu wa pamoja wa H4 unapata chanya muda wote taa zikiwa zimewashwa, na swichi ya usukani ndiyo inayopeleka hasi kwa dimu au kwa ful. Taa ya bluu ya dashibodi imeungwa kati ya miguu hiyo miwili, na inapowaka, umeme wake unapita ndani ya uzi wa dimu. Ukiweka LED, ule uzi haupo tena, kwa hiyo taa ya bluu inaweza kufifia au kufa kabisa hata ukiwa ful. Mbaya zaidi, LED iliyotengenezwa kwa magari yanayokata chanya inaweza kuchanganya, ikawasha chipu za dimu na za ful pamoja.

Pima hivi. Chomoa soketi, washa dimu, weka mita kati ya mguu wa pamoja na chasi. Ukipata 24, ni kukata hasi. Unahitaji balbu ambayo muuzaji anathibitisha inafanya kazi pande zote mbili. Kisha mtu asimame mbele avae miwani ya jua, atazame chipu zipi zinawaka kwenye dimu.

#16 MamaTrela
Majibu ya leo. Lori la kwanza: ubao wa balbu ni mnene, karibu milimita tatu, na kikombe hakipo kabisa. La pili: balbu ni tofauti, zina kikombe, mstari unaonekana, ila taa ya kushoto ina E bila mshale na ya kulia ina mshale. La tatu ni la kukata hasi, na kwenye dimu chipu zote zinawaka. Yaani kila mmoja wenu alikuwa na lori lake.

#17 KipimoKwanza
Usifunge kesi mapema. Yote matatu yalisetiwa kwa macho na yote hubeba mzigo, kwa hiyo #5 bado yuko ndani kwa kila moja.

#18 Risista_Moto
Onyo kwa wenye Actros, Scania na MAN za H7 (balbu ya uzi mmoja). Kompyuta ya gari hupima balbu. H7 ya 24V ya wati 70 huvuta karibu ampea 2.5. LED ikivuta ampea moja, kompyuta inaona imeungua: taa ya hitilafu inawaka, au balbu inapepesa. Ili kuidanganya kompyuta, mafundi wanafunga risista (kifaa kinachokula umeme) ya omu 6 iliyotengenezwa kwa gari la 12V. Kwa volti 28 risista hiyo inameza ampea 4.7, sawa na wati 130, wakati mwili wake umeandikwa wati 50. Inachoma plastiki ya taa. Kwa 24V tafuta kama omu 25, ambayo hula wati 31, ya mwili wa alumini, na uifunge kwa skrubu kwenye chuma cha chasi, usiiache ikining'inia kwenye waya.

Na tafadhali, fundi asichukue 12V kutoka betri moja kati ya mbili ili atumie LED za gari dogo. Betri moja itachajiwa kupita kiasi, nyingine itabaki na njaa, na zote zitakufa. Kama balbu haijaandikwa inapokea mpaka volti 32, iache dukani.

#19 HalojeniDaima
Nimesoma kimya mpaka sasa. Kwa nini mliacha halojeni? Taa hafifu kwenye lori la zamani mara nyingi ni waya. Pima volti kwenye betri injini ikinguruma, kisha pima kwenye soketi ya balbu, taa zikiwaka. Kwenye betri ukipata 27.8 na kwenye soketi 25, umepoteza kama asilimia 10 ya volti, na volti zikishuka kumi kwa mia, mwanga wa halojeni unapungua kama theluthi nzima. Ndiyo maana dereva anaona giza.

Dawa: rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) mbili za 24V, moja ya dimu na moja ya ful, waya wa milimita za mraba 2.5 kutoka betri, fyuzi ya ampea 10 karibu na betri kwa kila laini, na hasi mpya iliyokwanguliwa rangi mpaka chuma. Balbu mbili za wati 75 zinavuta ampea 5 na kitu tu. Kwa gari la kukata hasi, mguu mmoja wa koili ya rilei upate chanya na mwingine uende kwa swichi. Mstari wa mwanga unabaki vile kiwanda kiliuchora, na hakuna anayechomwa.

Usiongeze wati badala ya kurekebisha waya. Balbu za "rally" zinayeyusha soketi.

#20 FundiWaya_Kariobangi
Kazi ya #19 ninaikubali, hata kwa anayeweka LED, maana hasi mbovu huipepesa LED vilevile. Ila balbu za halojeni kwenye lori la barabara mbovu hukatika kwa mtikisiko. LED haina uzi wa kukatika.

#21 HalojeniDaima
Ina feni. Vumbi la murram linaingia, feni inakwama, chipu zinapikwa, mwanga unaanguka taratibu bila dereva kugundua. Halojeni ikifa unaijua papo hapo. Tena halojeni hupasha kioo joto na kukausha unyevu. Kwa LED ule ukungu wa ndani ya kioo unakaa, na matone hayo yenyewe yanatawanya mwanga machoni pa watu.

#22 KipimoKwanza
Na kioo cha nje msikisahau. Plastiki iliyopauka hutawanya mwanga wa balbu yoyote. Msasa wa maji 800, kisha 1500, 2000, 3000, halafu lazima upake rangi angavu ya kuzuia jua. Ukiacha bila kupaka, miezi michache tu imerudi njano.

#23 Limuru_Ukungu
Mimi naona ni rangi. 6500K ina bluu nyingi. Pale Kinungi ukungu ukishuka, taa nyeupe inakuwa ukuta. Njano ndiyo inayopenya ukungu. Ufaransa taa za mbele zilikuwa za njano kwa sheria mpaka 1993, hawakuwa wajinga.

#24 KipimoKwanza
Njano haipenyi. Tone la ukungu lina upana wa kama mikromita 10, urefu wa wimbi la mwanga unaoonekana ni 0.4 hadi 0.7. Tone likiwa kubwa hivyo hutawanya rangi zote karibu sawa. Ila uko sahihi kwamba bluu inaudhi macho zaidi kwa mwanga uleule. Kwa hiyo 4300K badala ya 6500K ni uamuzi mzuri, kwa sababu hiyo. Kwenye ukungu kinachosaidia ni taa iliyokaa chini na yenye mwanga bapa, na ful izimwe.

#25 Limuru_Ukungu
Wimbi au tone, macho yangu yanajua. Njano kwenye taa za chini ya bampa, haibishaniwi.

#26 Spea_Grogan
Kuna aliyeuliza inboksi kuhusu sheria. Sheria ya Trafiki ya Kenya ni Sura ya 403, na taa ni sehemu ya ukaguzi wa NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama), kwa hiyo kabla ya kwenda kukaguliwa Likoni Road pita ukutani kwanza. Huko nje msimamo haulingani: Marekani balbu ya LED ndani ya taa ya halojeni haikubaliki, Ujerumani tangu 2020 zimeruhusiwa balbu fulani za H7 kwa orodha maalumu ya magari, kila taa ikiwa imepimwa na balbu hiyo. Maana yake ni kwamba balbu ileile inaweza kufaa kwenye taa moja na kuharibu kwenye nyingine.

#27 MamaTrela
Uamuzi kwa sasa. Lori la kwanza na la tatu yanarudi halojeni na rilei za #19. La pili linatafutiwa taa ya kushoto yenye mshale, LED zinabaki, 4300K. Yote yanaenda ukutani, tupu na na mzigo. Swali: kwenye lori la pili nikiweka halojeni upande mmoja na LED upande wa pili, nitaona tofauti ukutani?

#28 FundiWaya_Kariobangi
Ndiyo, na ndicho kipimo kizuri kuliko vyote. Funika moja, piga picha, funika nyingine, piga tena, simu ikiwa kwenye kigoda kilekile na kipimo cha mwanga cha kamera kikiwa kimefungwa kisijibadilishe. Linganisha kilicho juu ya mstari, si kilicho chini. Subiri tu ile taa yenye mshale ipatikane kwanza, la sivyo utakuwa unapima rifleta mbili tofauti.

#29 DerevaWaMteremko
Na mzigo uwe juu.

#30 Volti28
Lori lisitoke getini na balbu mbili tofauti. Kipimo kikiisha, zirudishe sawa kabla ya safari. Na kama kuna baa ya LED juu ya kabini, angalia rilei yake inachukua amri kutoka waya upi. Kwenye gari la kukata hasi nimezikuta zimeungwa vibaya, zinawaka na dimu.

#31 MamaTrela
Baa iko kwenye la tatu. Kesho inachomolewa, nitaleta picha za ukutani.